Nyasi Hazijui Tarehe: Jinsi Uwanja wa Zamani wa Gofu Unavyoandaliwa kwa Shindano Kubwa

Hotuba ya mtunza viwanja mstaafu, mzaliwa wa Birongo, kwa wakazi na vikundi vya vijana vya wadi. Tumeichapisha kama alivyoitoa. Salamu tu ndizo tulizofupisha.

 

Niliposhuka kwenye matatu leo asubuhi kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, gofu ni mchezo wa watu wa magari makubwa. Sisi hapa tunakuza chai na ndizi. Unakuja kutuambia nini?" Nikamwambia aje anisikilize, atapata jibu. Natumaini yuko ndani.

Jibu lenyewe ni hili. Sikuja kuwafundisha kupiga mpira. Nimefanya kazi ya kutunza nyasi Nairobi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona uwanja wa zamani ukitengenezwa upya kwa ajili ya wageni zaidi ya mara moja. Makosa yanayofanyika kule ndiyo yanayofanyika kwenye viwanja vya shule zetu na viwanja vya umma. Tofauti ni kwamba kule yanaonekana kwenye televisheni, na hapa yanaonekana kwenye goti la mtoto wako. Mnakumbuka Mashujaa Dei ilipoletwa kwetu Kisii, tarehe 20 Oktoba 2020, na jinsi Uwanja wa Gusii ulivyokarabatiwa kabla ya sherehe. Hafla ina tarehe yake, na kila mtu anaijua. Nyasi hazijui tarehe. Mvua haijui tarehe. Kazi yote ya mtu kama mimi ni kupatanisha mambo hayo mawili.

Kwanza mjue viwanja hivi vilitoka wapi. Klabu ya gofu ya Nairobi, ambayo sasa inaitwa Royal, ilianzishwa mwaka 1906. Karen ilikuja mwaka 1937. Siku hizo Mwafrika aliingia mle akiwa amebeba mikoba ya mchezaji au ameshika slasha. Na msidhani vilikuwa viwanja vya kifahari. Huku bara sehemu nyingi hazikuwa hata na grini. Grini ni ile sehemu laini kama zulia ambayo ina shimo na bendera. Maji ya kuitunza hayakuwepo, mashine hazikuwepo, basi wakaweka mchanga uliochanganywa na mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, wakaushindilia, wakauita brauni kwa sababu ya rangi yake. Kabla bwana hajasukuma mpira kuelekea shimoni, kedi alipita na ubao kulainisha njia. Wazee wa umri wangu waliofanya kazi kwenye klabu za mashamba ya chai wanalijua jambo hili.

Watu wale hawakuwa na tingatinga za kusawazisha vilima. Walifuata mgongo wa ardhi ulivyo na mkondo wa maji ulivyo. Ndiyo maana uwanja wa zamani una akili ndani yake, hata kama waliouchora hawakuwa wataalamu. Kazi ya kuukarabati inaanzia hapo: kujua ni kipi kimezeeka na ni kipi kina umri tu. Si kitu kimoja.

Shindano letu kubwa ni Kenya Open. Lilianza mwaka 1967, na kwa miaka mingi limechezwa Muthaiga. Seve Ballesteros wa Uhispania alilishinda mwaka 1978. Mwaka 1998 Mkenya mwenzetu Jacob Okello alimaliza sawa na Ricardo González wa Argentina, wakarudi uwanjani kutafuta mshindi, na González akashinda. Nchi nzima ilisikia uchungu, hata watu ambao hawakuwa wamewahi kushika fimbo ya gofu. Kisha mwaka 2019 shindano likapandishwa hadi ngazi ya juu ya Ulaya, likachezwa Karen, na zawadi zikafika Yuro milioni 1.1. Tangu hapo limekuwa likienda kati ya Karen na Muthaiga.

Ngazi ikipanda, kila kitu kinabadilika kwa mtunza uwanja. Wachezaji wa kulipwa zaidi ya mia moja wanapita kwenye grini zile zile, siku nne za shindano, na kabla ya hapo siku za mazoezi. Wataalamu wa nyasi kutoka Ulaya wanakuja mapema kukagua. Kamera inakaribia shimo hadi unaona kila jani. Hapo huwezi kudanganya.

Sasa tuingie chini ya ardhi, kwa maana kazi iko huko.

Chukua grini ambayo ina miaka 70 au 80. Ilitengenezwa kwa udongo uliokuwa pale pale, udongo mwekundu kama huu wetu. Kila aliyeikanyaga aliushindilia kidogo. Kila mashine iliyopita iliushindilia zaidi. Nyasi zilizokufa zikaoza, zikatengeneza godoro juu. Mvua ikinyesha, maji yanakaa juu kama kwenye sahani. Mizizi haitaki kushuka mahali ambapo hapana hewa, kwa hiyo inabaki juu juu, kidole kimoja tu. Jua likiwaka siku tatu, nyasi zinakauka. Mvua ikinyesha siku tatu, ukungu unaingia. Unamwaga dawa. Mwezi ujao unamwaga tena. Fedha zinaisha na grini ni ile ile.

Dawa ya juu haiponyi ugonjwa wa chini. Unachofanya ni kuchimba. Unatoa udongo hadi karibu sentimita 40 na zaidi, unaweka mabomba yenye matundu kama mifupa ya samaki, yote yakielekea upande mmoja ulioinama. Juu yake unatandaza kokoto safi, sentimita 10. Juu ya kokoto, sentimita 30 za mchanga uliochaguliwa, wenye mbolea kidogo iliyooza vizuri. Vipimo hivi vilitolewa na chama cha gofu cha Marekani mwaka 1960, vikarekebishwa mara kadhaa, na mpaka leo ndivyo vinavyofuatwa karibu kila mahali. Maana yake ni rahisi: maji ya ziada yashuke, maji ya kutosha yabaki, na hewa iingie.

Hesabu kidogo, vijana. Grini moja ya mita za mraba 500, ukizidisha kwa sentimita 30 za mchanga, ni mita za ujazo 150. Lori la mita kumi litafanya safari 15. Uwanja mzima una grini 18: safari 270, na sijataja kokoto. Huo mchanga ukishawekwa unafunikwa kwa nyasi. Nani atachimba baadaye kupima kama ni sentimita 30 au ni 15? Ndiyo maana nawaambia, mwizi wa uwanja haibi nyasi. Anaiba kilicho chini. Na mkaguzi anayekuja siku ya ufunguzi, utepe umeshafungwa na watoto wa shule wanaimba, amechelewa. Kipimo kichukuliwe shimo likiwa wazi, kwa rula, mbele ya watu.

Halafu aina ya mchanga. Mchanga mzuri wa kujengea nyumba si lazima uwe mzuri wa grini. Ukiwa na tope jingi, utageuka saruji baada ya misimu miwili. Klabu kubwa hupeleka mchanga maabara. Lakini kuna jaribio ambalo hata mwalimu wa shule ya msingi anaweza kufanya kabla ya kupokea lori: weka mchanga nusu chupa safi, jaza maji, tikisa sana, uache usiku kucha. Asubuhi utaona mchanga chini na tope juu yake kama malai. Tope likiwa nene, rudisha lori. Utagombana na dereva, lakini hutagombana na uwanja kwa miaka kumi.

Baada ya hapo ndipo tunazungumza juu ya mbegu. Kwenye nyanda zenye baridi grini hupandwa nyasi nyembamba za kigeni, bentgrass, ambazo zinavumilia kukatwa hadi milimita tatu hivi. Milimita tatu, ndugu zangu, ni unene wa sarafu mbili. Nyasi ikikatwa hivyo kila siku inaishi kwa huruma yako. Kutoka mbegu kuanguka mpaka grini iwe tayari kwa shindano, mpe mtunzaji mwaka mmoja, na akikuomba zaidi usimkatalie. Hata kupima mwendo wa mpira kuna chombo chake, reli ndogo yenye urefu kama wa mkono wa mtu mzima. Unaweka mpira, unainua reli polepole, mpira unabiringika, unapima umbali. Kwenye mashindano makubwa wanataka ufike mita tatu na nusu hivi. Alikibuni Mmarekani, Edward Stimpson, mwaka 1935, baada ya kuona mchezaji bora anapiga mpira hadi nje ya grini na kudhani grini zilikuwa na kasi kupita haki. Mimi nakipenda chombo hicho kwa sababu kinamaliza ubishi. Mwenyekiti wa klabu hawezi kubishana na futi.

Nje ya grini, kwenye njia kuu ambako mpira unapigwa kwa nguvu, habari ni tofauti, na hapa ndipo nataka watu wa Birongo wanyanyue vichwa. Nyasi ya huko ni hii hii yetu. Ni kikuyu, hii mnayokatia ng'ombe, inayotambaa hadi kwenye kibanda cha kuku ukiiacha. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne iliyopita ilipelekwa Kalifonia kuzuia mmomonyoko wa udongo, ikapenda kule, ikaenea hadi kwenye viwanja vya gofu, na ikaandikwa kwenye orodha ya magugu. Uwanja wa Riviera mjini Los Angeles, ambao umepangiwa gofu ya Olimpiki ya mwaka 2028, njia zake kuu ni za kikuyu. Wachezaji bora duniani watasimama juu ya nyasi ambayo shangazi yangu anaifyeka kila Jumamosi akiilaani.

Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakitumia fedha nyingi kuleta nyasi za mbali kwa uwanja ambao ungetosheka na nyasi iliyo kando ya barabara. Kikuyu ina kasoro zake. Ukiiacha ndefu inameza mpira. Inatengeneza godoro, inahitaji kuchanwa. Lakini inapona haraka, inapenda mvua ya Kisii, na mche wake ni bure.

Nirudi kwenye uwanja wa zamani wenyewe. Klabu ikipata shindano, wazo la kwanza la kamati huwa ni kuurefusha. Fimbo za siku hizi zinapiga mbali. Na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, mpira unaruka kuliko pwani. Basi wanasema, turudishe mahali pa kuanzia nyuma mita 40, tununue shamba la jirani. Wakati mwingine inafaa. Muthaiga, kwa mfano, ilichorwa upya katika miaka ya 2000 na Peter Matkovich wa Afrika Kusini, na uwanja ukapata nguvu ya kupokea mashindano makubwa. Lakini mara nyingi uwanja mfupi unaweza kulindwa kwa njia nyingine: bana njia kuu, ikaushe ardhi mpira ubiringike hadi kwenye shida, weka shimo mahali penye mteremko. Hizo hazihitaji hata ekari moja ya ziada.

Kuna mfano wa Marekani ninaoupenda. Uwanja wa Pinehurst namba 2 ulikuwa wa zamani, na kwa miaka mingi watu walikuwa wameupamba kwa nyasi za kijani kila pembe. Ulipokuwa unangoja mashindano ya taifa ya mwaka 2014, ya wanaume na ya wanawake kwa wiki mbili mfululizo, wachoraji Bill Coore na Ben Crenshaw hawakuongeza nyasi. Waliondoa ekari zipatazo 35. Wakarudisha mchanga na vichaka vilivyokuwepo zamani. Vinyunyizio vya maji zaidi ya 1,100 vikapunguzwa hadi 450 hivi. Watazamaji wengine walilalamika kwamba uwanja una rangi ya kahawia kwenye televisheni. Wacha walalamike. Bili ya maji ilishuka, na uwanja ukafanana na nafsi yake.

Miti ndiyo inayoleta vita. Kila klabu ya zamani ina miti ambayo mzee fulani aliipanda akiwa mwenyekiti. Ilikuwa miche, sasa ni minara. Inazuia jua la asubuhi, na nyasi ya grini bila jua la asubuhi ni mgonjwa wa kudumu. Oakmont huko Marekani walikata maelfu ya miti kabla ya shindano la mwaka 2007, na mwanzoni walikata usiku usiku ili wanachama wasijue. Nacheka, lakini sipendi. Kwetu mti ni jambo zito. Msimamo wangu ni huu: punguza matawi kwanza, kata mizizi inayokunywa maji ya grini, na kama lazima mti utoke, uanze mkaratusi kabla ya mti wa asili. Mikaratusi kwenye mabonde yetu imekausha chemchemi ambazo bibi zetu walichota, na hilo halihitaji gofu kulijua.

Sasa niwasimulie kilichotokea kwenye klabu moja, jina naliacha. Shindano lilikuwa la kikanda, si dogo. Kwa miezi kumi kamati ilibishana juu ya rangi ya jengo la kulia chakula na upana wa mahali pa kuegesha magari. Tulipeleka barua mbili kwamba grini tatu hazipitishi maji. Zikawekwa kwenye faili. Wiki tano kabla ya shindano mgeni mmoja mkubwa alikuja kutembea, kiatu chake kikazama, na ghafla fedha zikapatikana. Kontrakta akaletwa. Akavua nyasi za juu, akamwaga mchanga kidogo, akatandika nyasi mpya zilizokatwa kama mikate, akaondoka. Zilikuwa za kijani ajabu. Watu walipiga picha.

Nyasi iliyotandikwa inahitaji wiki kadhaa ishike mizizi, na mvua ilikuwa inanyesha. Siku ya pili ya shindano mchezaji alisimama kupiga mpira, akageuza mguu, na kipande kizima kikaondoka chini yake kama mkeka. Walizima shimo lile. Grini zile tatu zilichimbwa upya baada ya mashindano, safari hii kwa mabomba na kokoto, yaani zililipiwa mara mbili. Vijana kumi na wawili wa vibarua waliokuwa wameajiriwa kwa mwezi wa dharura waliachishwa siku ya Jumatatu.

Hao vijana ndio wananisumbua hadi leo kuliko grini. Ukarabati wa uwanja una fedha za aina mbili. Kuna za kujenga, ambazo kila mtu anazipenda kwa sababu zina utepe na picha. Kuna za kutunza, ambazo hazina picha: mafuta ya mashine, visu vya kunoa, mbolea, mshahara wa mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuondoa umande. Klabu iliyo na akili inapanga za pili kabla ya za kwanza. Mtu aliyejifunza kunoa mashine, kusoma ugonjwa wa nyasi, kutoboa ardhi hewa iingie bila kuharibu uso, huyo ana ufundi. Uwanja wa mpira utamhitaji, shule itamhitaji, hospitali yenye bustani itamhitaji. Ukimwajiri mwezi mmoja na kumfukuza umetupa mafunzo yake.

Haya, sasa kwetu.

Mjini Kisii tuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Mara kwa mara nasikia mtu akisema, kaunti ya watu wengi kama hii inastahili uwanja wa mashimo 18 ili tulete mashindano makubwa. Mimi ni mtu wa gofu na nasema hapana. Uwanja kamili unakula hekta 50 hadi 60. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilitupata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba. Hekta 55 za Kisii kwa kawaida ni makao ya watu zaidi ya 500, pamoja na chai yao na ng'ombe wao na makaburi ya wazee wao. Mashimo tisa yanatosha. Unayazunguka mara mbili ukianzia mahali tofauti, na shindano la kanda linachezwa vizuri kabisa. Anayetaka kuyaboresha ayaboreshe chini, kama nilivyoeleza.

Na kuna jambo la maji ambalo watu wa mjini hulisahau. Mbolea na dawa zinazowekwa kwenye nyasi hazibaki pale. Mvua yetu ni kubwa, inazishusha mtoni, Mto Gucha unazipeleka hadi Ziwa Viktoria, na kule zinalisha gugumaji. Kwa hiyo yeyote anayepanga ukarabati mkubwa aulizwe mabomba yake yanamwaga wapi. Jibu likiwa "mtoni", mwambieni aweke kwanza kidimbwi chenye matete ya kuchuja. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inawapa haki ya kuuliza kabla kazi haijaanza.

Viwanja vya michezo vya umma viko mikononi mwa kaunti. Katiba ya mwaka 2010 imeandika hivyo kwenye Jedwali la Nne. Kwa hiyo mahali pa kusema si siku ya ufunguzi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo mnaitwa kutoa maoni, na mara nyingi mnaoenda ni wale wale wanane. Nendeni mkiwa na swali moja ambalo halijibiwi kwa maneno matamu: katika fedha za uwanja huu, ngapi zimewekwa za kuutunza mwaka wa pili? Kama safu hiyo haipo kwenye karatasi, mwambieni karani aiandike kwamba haipo.

Vijana, nanyi mna sehemu yenu. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kukata nyasi, kuchimba mitaro, kupanda miche ya kikuyu, kusambaza mchanga uliopimwa: hizo ni kazi ambazo kikundi kilichosajiliwa hapa Birongo kinaweza kuziomba. Lakini jifunzeni kwanza. Sitaki kusikia kikundi kimepata zabuni kikaiuza kwa kontrakta wa mbali kwa asilimia kumi kisha kikakaa chini ya mti.

Nimeona mama mmoja ameinua mkono tangu nilipotaja kikuyu, nimjibu kisha tule. Anauliza kama uwanja wa shule ambao ng'ombe hupita unaweza kupandwa nyasi hiyo, na lini. Unaweza. Msipande sasa. Ngojeni mvua za Machi zikishika vizuri. Kabla yake toboeni ardhi kwa uma wa shambani, kina cha kidole kirefu, nafasi ya kiganja, na mchimbe mtaro upande wa juu ili maji ya barabarani yasiingie. Kateni vipande vya kikuyu vyenye vifundo viwili au vitatu, mvifukie kwa mistari, hatua ndogo kati ya mstari na mstari, kifundo kimoja kikiwa nje. Ng'ombe wasipite kwa miezi mitatu, na hapo wazee watusaidie kwa maneno makali. Mkate mara ya kwanza ikifika urefu wa kiganja, mkate theluthi moja tu, na kisu kiwe kikali, kwa sababu slasha butu hung'oa mche ambao haujashika. Yale mlioyakata ndiyo ng'ombe wapewe.